Pamba kwanza, utomvu baadaye: kwa wapigaji wa zeze la gurudumu

Ukisikia zeze la gurudumu (hurdy-gurdy, chombo ambacho nyuzi zake husuguliwa na gurudumu linalozungushwa kwa mpini) ulilojitengenezea nyumbani likikwaruza katikati ya maonyesho yanayoigiza maisha ya Ulaya ya zama za Renesansi (takriban karne ya 14 hadi ya 17), ambayo huko Marekani yamekuwapo tangu yalipoanzia California mwaka 1963, usikimbilie kuliongezea gurudumu utomvu mkavu (unaolifanya lishike nyuzi), kwa kuwa mara nyingi kosa liko kwenye pamba inayozungushiwa nyuzi mahali zinapogusana na gurudumu. Iondoe pamba iliyochakaa, chukua kijipande chembamba cha pamba safi yenye nyuzinyuzi ndefu, kisha ukishikize kwenye uzi huku ukizungusha mpini polepole, nalo gurudumu lenyewe litakiviringisha. Pamba ikizidi, sauti hufifia, ikipungua, hukwaruza.

Iwapo noti za juu bado zinapiga kelele, basi uzi unakandamiza gurudumu mno, na kipande kidogo cha karatasi kikiwekwa chini ya uzi huo kwenye daraja (kijiti kinachobeba nyuzi) huuinua kiasi cha kutosha. Maonyesho hayo hufanyika nje, na unyevu huvimbisha mbao (gurudumu la plaiwudi huvumilia zaidi), kwa hiyo fanya marekebisho haya palepale uwanjani, baada ya chombo kuizoea hewa, wala si usiku uliotangulia.