Jinsi ya Kuusoma Ushindani wa Madola Makubwa kwa Jicho la Uhalisia

Anayetaka kuelewa kwa nini Marekani na China zinatiliana shaka aziweke kando hotuba za viongozi kwa muda, achukue ramani ya bahari iliyo mashariki na kusini mwa China. Afuate kwa kidole mstari unaoanzia Japani, ukapita Taiwan, ukafika Ufilipino. Japani na Ufilipino zina mikataba ya ulinzi na Marekani, na Taiwan hununua kwake sehemu kubwa ya silaha zake. Kisha kidole kishuke hadi mlango-bahari wa Malacca, ambao karibu na Singapore, mahali unapobana zaidi, haufikii upana wa kilomita 3, na ambamo hupita sehemu kubwa ya mafuta ambayo China huagiza kutoka nje. Kwa aliyekaa Beijing, huo ni mlango wa nyumba yake ambao ufunguo wake umo mfukoni mwa mtu mwingine. Kwa aliyekaa Manila au Tokyo, akiviona viwanja vya ndege ambavyo China imevijenga kwenye visiwa vya kutengenezwa katika Bahari ya Kusini ya China, mwenye nyumba huyo ameanza kuutwaa uwanja wa majirani.

Ramani ikishakaa kichwani, kanuni ya msingi ya uhalisia wa kisiasa inaeleweka bila taabu: hakuna serikali iliyo juu ya serikali zote, kwa hiyo dola likishambuliwa halina polisi wa kumpigia simu. Kila dola hulazimika kujilinda lenyewe, na kwa kuwa haliwezi kuiona nia iliyo moyoni mwa mwenzake, hupima uwezo wake. Thucydides, mwanahistoria wa Ugiriki ya kale, alipoeleza vita kati ya Athens na Sparta vilivyoanza mwaka 431 kabla ya Kristo, alisema kwamba chanzo chake cha kweli kilikuwa kukua kwa nguvu za Athens na hofu iliyoingia Sparta kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo, unaposoma habari ya silaha mpya au kambi mpya, jiulize kwanza jambo hilo linaonekanaje kutoka upande wa pili. Hapa ndipo wasomaji wengi huteleza, kwani hatua ya rafiki huitwa kinga na hatua ile ile ya hasimu huitwa uchokozi. Oktoba 1962 ndege ya upelelezi ya Marekani ilipiga picha za makombora ya Umoja wa Kisovieti nchini Cuba, kisiwa kilicho kilomita 150 hivi kutoka Florida. Kwa Rais Kennedy, hicho kilikuwa kisu shingoni. Hata hivyo, makombora ya Marekani aina ya Jupiter yalikuwa yamekwisha kuwekwa Uturuki, nchi iliyopakana na Umoja wa Kisovieti, na Khrushchev, kiongozi wa umoja huo, alikuwa akiishi na kisu cha namna hiyo hiyo.

Chunguza pia walivyojinasua. Kennedy alituma manowari kuzuia shehena za silaha, lakini hatua hiyo akaiita karantini, kwa sababu kuizingira nchi kwa manowari huhesabiwa katika sheria kuwa tendo la vita. Tarehe 28 Oktoba Khrushchev alitangaza kwamba makombora yataondolewa, akiwa amepata ahadi ya wazi kuwa Cuba haitavamiwa, pamoja na ahadi ya siri kuhusu makombora ya Uturuki, ambayo kufikia Aprili 1963 yalikuwa yameondolewa. Kwa hiyo kila mara tafuta kama hasimu ameachiwa njia ya kurudi nyuma bila kuvunjiwa heshima. Mimi hukipa kipimo hiki uzito kuliko idadi ya meli na ndege.

Itikadi usiipe uzito kupita kiasi. Mwaka 1969 China na Umoja wa Kisovieti, zote za kikomunisti, zilipigana kwenye mto Ussuri, na Februari 1972 Nixon, Rais wa Marekani na mpinga ukomunisti wa miaka mingi, alipeana mkono na Mao, kiongozi wa China, mjini Beijing.

Lakini jicho hili lina upofu wake, na ni wajibu kuukiri. Hesabu ya nguvu peke yake haikuwaandaa wachambuzi kuona kwamba kufikia mwaka 1991 Umoja wa Kisovieti, wenye maelfu ya silaha za nyuklia, ungevunjika bila kufyatua hata moja. Tena kuna wanaoufanya uhalisia kuwa ruhusa ya ukatili. Mwaka 416 kabla ya Kristo Athens iliizingira Melos, kisiwa kidogo kilichokataa kuinamishwa. Baada ya kusalimu amri, wanaume wake waliuawa, wanawake na watoto wakauzwa utumwani. Kueleza kwa nini mwenye nguvu alitenda hivyo hakumwondolei hatia, na msomaji asiyeliona hilo hajasoma vizuri.

Mwisho, weka daftari. Kila tukio kubwa linapotokea, andika tarehe, kile ambacho kila upande unakihofia, na unachotarajia kitafuata ndani ya miezi sita. Miezi hiyo ikipita, rudi kwenye ukurasa huo na utie alama mahali ulipokosea, kisha uandike ni hofu ya upande upi ambayo hukuipima sawasawa.