Kabla Hujakaa Mezani na Kingi Mbili

Kwenye poka ya Texas Hold'em kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, na tano za wote hufunuliwa mezani. Jozi kubwa ya mkononi, iwe ree mbili, kingi mbili au kwini mbili, ina raha yake kabla karata tatu za kwanza, yaani flopu, hazijafunuliwa. Zikishafunuliwa, mara nyingi unabaki na jozi moja ileile, kwa sababu karata ya tatu ya kufanana hutokea kwenye flopu mara 12 hivi katika 100. Ndiyo maana kazi kubwa hufanywa mapema, wakati kichwa bado kimetulia.

Yaanze ya mlangoni. Kama unacheza Arusha, cheza kwenye ukumbi wenye leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na uwe umetimiza miaka 18. Ukijiandikisha kwenye mashindano, uliza unapewa chipu ngapi, blaindi (madau ya lazima ya wachezaji wawili, ndogo na kubwa) hupanda kila baada ya dakika ngapi, ante (mchango mwingine wa lazima) inalipwa na nani, na nafasi ngapi zinalipwa. Anayepanda gari kutoka Moshi aondoke mapema, maana kiti kilicholipiwa kwa kawaida huendelea kukatwa blaindi hata kikiwa kitupu.

Aliyekulia kwenye karata za turufu kijiweni ana jambo la kusahau kwanza: kule saba ni karata nzito na jeki humzidi kwini. Kwenye poka kwini yuko juu ya jeki, saba ni karata ya kawaida, na hakuna turufu. Kopa, shupaza, uru na maua vyote vina uzito mmoja.

Halafu ijue hatari ya jozi yako kwa namba. Ukiwa na kingi mbili, ree hutokea kwenye flopu mara 23 hivi katika 100. Ukiwa na kwini mbili, karata inayozizidi hutokea mara 41. Jeki mbili hali ni ngumu zaidi, mara 57, kwa hiyo anayezishika ategemee kuona karata kubwa mezani zaidi ya nusu ya safari zake. Idadi ya watu nayo ina uzito. Ree mbili dhidi ya mtu mmoja mwenye karata zozote hushinda mara 85 katika 100. Dhidi ya wanne hushuka hadi 56. Pandisha dau kabla ya flopu ili ubaki na mmoja au wawili. Kuficha jozi kubwa kwa kufuata tu, yaani kulipa dau lililopo bila kupandisha, ni kuwakaribisha watu wakupindue kwa bei rahisi.

Sasa hesabu yenyewe, na hapa usiharakishe. Tuseme blaindi ni 200 na 400, ante ni 400, na una kingi mbili na chipu 16,000. Umepandisha hadi 1,000, na mwenye blaindi kubwa peke yake akakufuata. Katikati, yaani kwenye poti, kuna 2,600, na mbele yako zimebaki 15,000. Gawanya zilizobaki kwa poti: unapata karibu 6. Hiyo ndiyo namba ya kuwa nayo kichwani kabla flopu haijashuka, na kama mwenzako ana chipu chache kuliko wewe, tumia zake. Ikiwa 3 au chini yake, na jozi yako inazizidi karata zote za mezani, uwe tayari kumaliza chipu zote. Ungekuwa umeanza na 4,800 tu, baada ya kupandisha zingebaki 3,800 dhidi ya poti ileile. Hapo hakuna tena swali la kutupa karata. Ikiwa 10 na zaidi, jozi moja haitoshi kubeba mzigo wote huo.

Flopu ikija kwini ya uru, saba ya shupaza na mbili ya maua, meza ni kavu, yaani karata hazikaribiani wala si za aina moja. Theluthi moja ya poti, kama 900, inatosha. Mwenye kwini atakufuata. Ikija jeki ya kopa, kumi ya kopa na nane ya maua, meza imeloa: karata zinakaribiana na mbili ni kopa. Weka theluthi mbili, kama 1,700. Anayewinda kopa ya tano (karata tano za aina moja huishinda jozi yako) ana karata tisa za kumwokoa, na humjia kwenye karata inayofuata mara 19 katika 100. Kwa 1,700 yako anahitaji mara 28 ili asipate hasara kwenye karata hiyo moja. Ukiweka 400 anahitaji 12 tu, na hapo umemlipia nauli ya kukufunga. Tazama pia kama kingi yako mmoja ni wa kopa: karata zake zinapungua hadi nane.

Linalowaumiza wengi ni karata ya nne. Mchezaji mtulivu amekufuata kwenye flopu, kisha unaweka tena, naye anapandisha hadi mara tatu ya dau lako. Watu wa namna hiyo hawapigi mkwara mahali hapo. Mara nyingi wana jozi mbili au karata tatu za kufanana. Dhidi ya tatu za kufanana unabaki na karata mbili tu za kukuokoa. Jiandae kutupa kingi zako bila kinyongo, hasa kama chipu zilizo nyuma bado ni nyingi.

Ikiwa mmebaki tisa na wanaolipwa ni wanane, hesabu inabadilika. Chipu unazopoteza zina thamani zaidi kuliko unazoshinda, kwa sababu zikiisha unatoka bila kitu. Mbele ya mwenye rundo kubwa, gonga meza, yaani pita bila kuweka dau, kwenye hatua moja kati ya tatu (flopu, karata ya nne na ya tano) ili poti isivimbe. Mwenye rundo dogo kuliko lako mbane kama kawaida.

Mwisho ni mdomo na mikono. Tamka kitendo chako kabla ya kusogeza chipu. Mtu akiweka 400, nawe ukarusha chipu moja ya 1,000 ukiwa kimya, inahesabiwa umefuata tu, na 600 zinakurudia. Ukisogeza chipu kwa mafungu mawili bila kutaja kiasi, fungu la pili hukataliwa. Na juu ya karata zako weka chipu moja, zisije zikazolewa pamoja na zilizotupwa.