Kiuno cha hamali: pima mguu kabla ya kukanda

Hamali akiteremsha simiti kutoka jahazini hadi jeti ya Lamu, mfuko mmoja kilo 50, akashikwa na kiuno, wa kwanza kuitwa huwa mkandaji. Mikono ya mkandaji haina kosa. Kosa ni kukanda kabla ya kujua kinachouma. Maumivu yanayobaki kiunoni na yale yanayoteremka hadi unyayoni ni mambo mawili, na mguu ndio utakaokutenganishia.

Uliza kwanza yanayotisha. Mkojo umefunga? Choo kinamtoka bila kujua? Ameingia ganzi pale anapokalia, kati ya mapaja? Miguu yote miwili imelegea? Ndiyo moja tu inatosha: usimkande, usimnyooshe. Neva (mishipa ya fahamu) za mwisho wa mgongo huenda zimebanwa na anahitaji daktari wa upasuaji haraka. Kama yuko Faza au Kizingitini, kule kisiwani Pate, boti itafutwe usiku huo huo. Homa, jasho la usiku na kukonda pia ni kazi ya daktari, kwani kifua kikuu huingia hata kwenye pingili za mgongo, na mara nyingi bila kikohozi. Vivyo hivyo mkwezi aliyeanguka mnazini, na mtu aliyewahi kuugua saratani. Mambo ya choo hakuna anayeyasema mbele ya watu, basi muulize faraghani. Mama aulizwe na mwanamke mwenzake ikiwezekana, na leso iwe tayari ya kumsitiri.

Kisha muulize swala. "Mzee wangu, ukirukuu mguu unafanyaje? Ukisujudu? Ukiinuka?" Kila jibu lipe namba, 0 hadi 10, uandike. Ni miondoko anayoirudia katika swala zote tano za siku, kwa hiyo hataikisia.

Sasa mlaze chali kwenye mkeka, sakafuni. Kitanda cha kamba hubonyea, kiuno kikajikunja, na kipimo kikakudanganya. Mkono mmoja chini ya kisigino, mwingine juu ya goti lisikunjike, inua mguu taratibu huku ukimtazama usoni. Maumivu yake yale yale yakimshika chini ya goti kati ya nyuzi 30 na 70, shuku neva. Akisema nyuma ya paja panavuta tu, hilo bado si neva: misuli imekaza, na hapa ndipo wengi hukosea. Teremsha mguu kidogo mpaka maumivu yatulie, kisha usukume unyayo uelekee kwenye muundi. Yakirudi, ni neva, kwa sababu msuli wa nyuma ya paja haufiki unyayoni. Inua na mguu mzima pia, ule usiouma. Ukiamsha maumivu ya upande wa pili, uwezekano wa diski iliyochomoza, ile sahani laini iliyo kati ya pingili, unazidi.

Nguvu zipimwe kwa kuanza na mguu mzima, ujue kawaida yake. Atembee kwa visigino hatua 10; unyayo ukianguka, shuku neva za L4 na L5, zinazotoka kwenye pingili ya nne na ya tano ya kiuno. Ainue kidole gumba cha mguu ukikizuia kwa mkono: L5. Asimame kwa mguu mmoja, ukuta akiugusa kwa vidole tu, ajiinue kwa ncha ya mguu mara 10: S1, neva inayofuata chini ya L5.

Tiba: alale kifudifudi dakika 2 au 3, aegemee viwiko dakika 2, kisha anyooshe mikono na kuinua kifua, nyonga zikibaki mkekani, mara 10. Halafu muulize maumivu yako wapi. Yakipanda kutoka shavu la mguu kwenda pajani, au pajani kwenda kiunoni, mko njia njema, hata kiuno kikiuma zaidi. Mwambie hivyo mapema, la sivyo ataogopa na kuacha. Arudie kila baada ya saa 2 au 3 za mchana. Yakiteremka, acha papo hapo. Alale ubavu, magoti yamekunjwa, na umpime tena kesho.

Kulala kitandani kusizidi siku 1 au 2. Atembee ufukweni dakika 10, mara 3 kwa siku, na aepuke kukaa kwenye boti za mwendo kasi mwanzoni, maana kila wimbi humpiga kiunoni akiwa amejikunja. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 bila kisu.

Kurudi kwenye mizigo, mtungi wa maji ndio mizani, kwani lita 1 ni kilo 1. Aanze na lita 5, auinue kutoka barazani, si chini, akikunja nyonga na magoti na mtungi ukiwa karibu na tumbo. Mara 8, mizunguko 3, siku 3 kwa wiki. Mguu usipozidi kuuma asubuhi ya pili, aongeze lita 2. Akifika 20, na kutoka chini, ndipo ashike mkokoteni. Mfuko wa simiti uwe wa mwisho, na wabebe wawili.

Kila anaporudi kwako, anza na zile hatua 10 za visigino. Unyayo uliokuwa ukisimama juzi ukianguka leo, simamisha mazoezi na umpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo.