Madeni ya watu wawili, kauntabuku moja

Jumapili moja saa kumi jioni, watoto wakiwa kwa bibi yao Kihonda, mimi na mume wangu tulikaa mkekani na kauntabuku moja na kalamu mbili. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, yeye anaendesha bajaji ya mtu kwa hesabu, yaani anampelekea tajiri wake kiasi walichokubaliana na kinachobaki ni chake. Tulikuwa na miaka 11 ya ndoa na hakuna aliyejua mwenzake anadaiwa kiasi gani. Siku mbili nyuma, afisa mikopo alikuwa amekuja kibandani kwangu akakagua cherehani yangu kama mtu anayepima atakavyoibeba.

Naandika kwa wanandoa ambao hela yao inaingia kwa siku, leo ipo kesho haipo. Ushauri mwingi wa bajeti ni wa watu wa mshahara, na ukiufuata ukiwa na kipato cha kuokoteza utakata tamaa wiki ya pili.

Kwanza, chagueni saa. Usiku mmerudi mmechoka, njaa inauma, hapo hesabu inageuka ugomvi. Kaeni mchana, mmekula, watoto hawapo. Halafu kila mmoja aandike madeni yake yote kabla ya yeyote kusema neno. Hili nalisisitiza, kwa sababu mmoja akianza kusoma, mwingine anapima uso wake na kupunguza ya kwake. Na siku ya kwanza msiulizane "hela ilienda wapi?" Swali hilo lina haki yake, lakini liulizeni wiki inayofuata. Likiulizwa siku ya kwanza, deni moja litabaki mfukoni, na deni lililofichwa ndilo litakalowarudisha chini.

Nilipofika kwenye mkopo wangu wa kausha damu, ile mikopo ya haraka yenye riba kubwa inayorudishwa kila wiki, sauti ilinikauka. Mume wangu akaniambia, "Mama watoto, endelea kusoma." Kisha akasoma wake wa simu, ambao sikuwahi kuusikia.

Daftari lilisema hivi:

Kausha damu, wiki tano zimebaki za 45,000: 225,000
Mkopo wa simu, pamoja na tozo: 83,000
Kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa: 400,000
Dukani kwa Mangi: 64,000
Kaka yake mume wangu: 350,000

Jumla 1,122,000. Nililia kidogo, na nilijisikia mwepesi kuliko miezi mingi iliyopita.

Sasa, lipi lianze? Wengi huanza na yule anayewaaibisha zaidi, mara nyingi ndugu au Mangi. Sisi tulipanga kwa swali moja: deni lipi linazaa haraka zaidi? La simu lilikuwa linakatwa tozo kila siku, na kila hela iliyoingia kwenye laini yake ilimezwa papo hapo. Mume wangu aliuza redio yake kubwa kwa 90,000, tukalifuta kesho yake. 7,000 iliyobaki ikaenda kwa Mangi. Kama kuna kitu ndani kinachoweza kuuzwa bila kuua kazi yenu, kiuzeni kwa ajili ya deni la namna hii. Cherehani haiuzwi.

Hesabu ya kausha damu ni muhimu muielewe. Nilichukua 300,000, nirudishe 360,000 kwa wiki nane. Nilidhani ni asilimia 20, basi. Lakini marejesho yanaanza wiki ya kwanza. Kufika wiki ya nne tayari nilikuwa nimerudisha nusu, na riba niliyopangiwa ilikuwa bado ya laki tatu nzima. Ukweli wa riba ile ni karibu mara mbili ya ile niliyotajiwa. Na ukichelewa siku moja kuna faini. Benki Kuu ya Tanzania imeweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wadogo wa daraja la pili, yaani wanaokopesha bila kupokea amana za watu, kwa hiyo kabla ya kuweka dole gumba ulizia leseni, na uandikiwe kwa shilingi jumla utakayorudisha. Kama dhamana ni nyumba mnayoishi kama mume na mke, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mwenzako.

Wadai wasio na riba waendeeni wenyewe kabla hawajawatafuta. Nendeni wote wawili. Tulikwenda kwa shemeji na 10,000 ya sukari ya watoto wake, tukamwambia: kaka, tutaanza kukulipa mwezi wa tano, kila wiki, na hii hapa karatasi. Hakufurahi, lakini alikubali. Kwenye kikoba tuliomba kulipa riba tu, 20,000 kwa mwezi, hadi kausha damu iishe. Mwenyekiti alikubali kwa sababu tulifika kabla ya siku ya kikao.

Bajeti yetu ni ya wiki. Baada ya hesabu ya tajiri na mafuta, mume wangu anabaki na kama 90,000, mimi kama 60,000. Chakula 56,000, yaani 8,000 kwa siku. Kodi tunaitenga 12,500 kila wiki ili mwenye nyumba asitukute na vumbi. Shule 10,000. Umeme, maji na mkaa 11,500. Kila mmoja 2,500 yake, haulizwi. Watu hukata hiyo ya mwisho kwanza, nami naona ni kosa: asiye na hata hela ya soda ataanza kuficha tena. Wakati huo ilikuwa inabaki 55,000: kausha damu 45,000, riba ya kikoba 5,000, Mangi 5,000.

Michango ya harusi ndiyo ilitutesa kuliko riba. Kadi inakuja na kiwango kimeshaandikwa. Tuliamua jibu moja, tukalisema wote kwa maneno yaleyale: "Mwaka huu hatuna hela, tutakuja kupika." Na tulikwenda kupika kweli, tangu alfajiri. Msiba hatukuukatalia, tulichukua kwenye chakula tukala maharage.

Kwenye karatasi tungemaliza kwa miezi mitano hivi. Ilituchukua minane. Bajaji ilikaa gereji wiki mbili, mtoto akaugua, na baada ya nguo za shule za Januari kazi yangu ilipungua. Wiki mbaya tulilipa pungufu, lakini tulilipa, na tulimpigia mdai simu asubuhi kabla hajapiga yeye. Kilichotuokoa ni kutokopa kwa huyu ili kumlipa yule, jambo nililokuwa nalifanya miaka mitatu.

Kila Jumapili saa kumi bado tunafungua kauntabuku. Deni likiisha tunalipiga mstari kwa kalamu nyekundu, na hela yake inahamia kwa linalofuata siku hiyohiyo, kabla haijazoea mfuko. La shemeji lilipoisha hatukuiachia ile 55,000 ipumzike. Inaingia kwenye kibubu cha bati, ufunguo uko kwa mama mkwe, na tutainunulia bajaji yetu wenyewe.