Somo: Umeimba, Umeshtakiwa, na Sasa Unataka Kuomba Msamaha

Somo hili linamhusu msanii wa Nairobi ambaye wimbo wake unachezwa matatuni, kisha siku moja anapokea barua ya wakili wa mtu anayedai kwamba maneno ya wimbo huo yamemharibia jina. Barua hiyo kwa kawaida hudai mambo matatu: wimbo uondolewe, msamaha utolewe hadharani, na fidia ilipwe. Usijibu usiku huohuo.

Hatua ya kwanza: hesabu miezi. Kesi nyingine za madhara hupewa miaka 3, lakini kesi ya kashfa, yaani ya kumharibia mtu jina, nchini Kenya hufunguliwa ndani ya miezi 12. Andika tarehe wimbo ulipotoka na umpe wakili wako.

Hatua ya pili: sikiliza wimbo kwa masikio ya jirani wa mlalamishi. Wasanii wetu wamelelewa katika mafumbo na vijembe, na wengi huamini kwamba asiyetajwa jina hawezi kushtaki. Si kweli. Mahakama huuliza kama watu wanaomfahamu mlalamishi, wakisikia mtaa, kazi, gari na kilema ulichokitaja, wangetambua kwamba ni yeye, na kama maneno hayo yangemshusha machoni pa watu wenye busara. Fumbo ambalo mtaa mzima umelifumbua halikukingi. Pengine linakuumiza zaidi, kwa kuwa linaonyesha kwamba ulijua unamlenga nani. Ukimwimba mtu kuwa mwizi au muuaji, jambo linakuwa zito zaidi: Sheria ya Kashfa, Sura ya 36, inaweka kiwango cha chini cha fidia cha shilingi 400,000 pale kashfa inapohusu kosa la kifungo cha miaka 3 au zaidi, na shilingi 1,000,000 pale inapohusu kosa la adhabu ya kifo.

Hatua ya tatu: amua utetezi wako kabla hujafungua kinywa. Ukisema maneno ni ya kweli, ni wewe utakayethibitisha, wala si mlalamishi atakayethibitisha kwamba ni uongo. Ukisema ni maoni ya haki, yawe maoni kuhusu jambo linalowagusa wananchi, na yawe yamejengwa juu ya mambo yaliyotokea.

Hatua ya nne, na hapa ndipo ninapoona watu wakijikwaa: pima kila neno la msamaha. Msamaha wa mapema, uliotolewa mbele ya hadhira ileile iliyousikia wimbo, hupunguza fidia. Lakini sentensi kama “nilidanganya kwa sababu ya hasira” ni kukiri: unaufunga mlango wa utetezi wa ukweli na papo hapo unampa mlalamishi ushahidi wa nia mbaya. Agizo la 13 la Kanuni za Kesi za Madai za mwaka 2010 linamruhusu hata kuomba hukumu kutokana na kukiri kwako, pasipo kusubiri kesi isikizwe, ingawa Mahakama ya Rufani ilisisitiza katika kesi ya Choitram dhidi ya Nazari, mwaka 1984, kwamba kukiri huko sharti kuwe wazi kabisa. Kwa hiyo mazungumzo ya kupatana yaandikwe “bila kuathiri haki”, yaani yasije yakatumiwa kama ushahidi dhidi yako mahakamani, na msamaha wa hadharani utoke baada ya makubaliano kutiwa sahihi, si kabla.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Kayole: Wakili, mimi nilishaomba msamaha mtandaoni usiku uleule. Nimejimaliza?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Kukiri ni ushahidi, lakini si ushahidi usiopingika. Unaweza kueleza ulikiri nini na katika hali gani. Kusema “naomba radhi kama uliumia” ni tofauti na kusema “nilikusingizia”. Usiufute sasa, maana picha zake zimeshapigwa, na kufuta kutakuonyesha kama mtu anayeficha.

Mwanachama wa Umoja: Naweza kufungwa jela?

Jibu: Kwa kosa la kashfa lililokuwa katika kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, hapana. Mahakama Kuu ilikibatilisha tarehe 6 Februari 2017. Hata hivyo, vitisho au uchochezi katika wimbo ni mambo mengine.

Mwanachama wa River Road: Mimi nilipiga biti tu na kuupakia wimbo kwenye chaneli ya studio. Nahusikaje?

Jibu: Biti peke yake haikashifu mtu. Kuupakia ndiko kunakokuingiza, kwa sababu kila anayesambaza kashfa ni mchapishaji, na mlalamishi huchagua wa kumshtaki, mara nyingi yule mwenye uwezo wa kulipa.

Mwanachama wa Kawangware: Tunaweza kuimaliza katika Mahakama ya Madai Madogo?

Jibu: Haipokei kesi za kashfa, hata ikiwa fidia inayodaiwa ni ndogo. Itaanzia kwa hakimu, ambaye mamlaka yake hufika shilingi milioni 20 akiwa hakimu mkuu, au itapelekwa Mahakama Kuu. Ukipenda kuepuka gharama hizo, pendekezeni upatanishi mapema, ila muweke kwa maandishi kwamba yatakayosemwa humo hayatatumiwa mahakamani.