SOMO: Namna ya kuanza na kuendesha maisha Kyoto ukiwa mwanafunzi wa kubadilishana

Ndugu wanachama, kila mwaka wapo vijana wetu wanaopata nafasi ya kusoma muhula mmoja au miwili katika vyuo vya Japani, na wengi wao huandaliwa vizuri kwa ajili ya darasani lakini si kwa ajili ya jikoni, mtaani na ofisini. Somo hili linahusu Kyoto, ingawa sehemu kubwa yake itamfaa pia aliyepangiwa Osaka au Kobe. Jambo ninalotaka lieleweke tangu mwanzo ni kwamba wiki mbili za kwanza ndizo zinazoamua utulivu wa muhula mzima. Katika nchi ile karatasi moja ndiyo inayokupa haki ya kuomba nyingine, na anayeruka hatua hurudishwa mwanzo, kwa heshima kubwa lakini bila mjadala.

Hatua ya 1: Kabla ya safari na uwanjani

Umeme wa Japani ni wa volti 100, kwa hiyo pasi, jagi la umeme na mashine ya kukaushia nywele vilivyotengenezwa kwa volti 230 viache nyumbani. Chaja za simu na kompyuta hazina tatizo, maana nyingi hupokea viwango vyote viwili. Utahitaji adapta ya pini mbili bapa tu.

Wengi hushukia uwanja wa Kansai, uliojengwa juu ya kisiwa cha kutengenezwa katika ghuba ya Osaka. Hapo hapo kwenye dirisha la uhamiaji utapewa kadi ya ukaazi. Usiondoke dirishani bila kuomba kibali cha kufanya kazi za muda, hata kama hufikirii kufanya kazi sasa. Ni fomu fupi na haina malipo, nacho kibali hugongwa muhuri nyuma ya kadi. Ukiiacha siku hiyo itakubidi uiombe ofisi ya uhamiaji na kusubiri.

Hatua ya 2: Ofisi ya kata, ndani ya siku 14

Mji wa Kyoto una kata 11, na kila kata ina ofisi yake iitwayo kuyakusho. Sheria inakutaka uandikishe anwani yako ndani ya siku 14 tangu ulipoanza kukaa katika makazi yako. Nenda na pasipoti, kadi ya ukaazi na anwani kamili ya bweni iliyoandikwa kwa Kijapani. Siku hiyo hiyo, katika jengo hilo hilo, kamilisha mambo mengine mawili.

La kwanza ni bima ya afya ya taifa, ambayo ni lazima kwa mwanafunzi anayekaa zaidi ya miezi 3. Ukiwa nayo, hospitali itakutoza asilimia 30 tu ya gharama. Waeleze kwamba hukuwa na kipato Japani mwaka uliopita, ili ada yako ipangwe katika kiwango cha chini. La pili ni pensheni. Kila mkaazi mwenye miaka 20 hadi 59 anahusika, wageni wakiwemo, na ukikaa kimya ankara zitakufuata bwenini. Omba fomu ya msamaha wa malipo na uijaze kabla ya kuondoka.

Hatua ya 3: Simu na benki

Benki huomba namba ya simu, na kampuni nyingi za simu huomba akaunti ya benki au kadi ya malipo. Njia ya kutoka hapo ni kuanza na laini ya simu kwa kutumia kadi ya benki ya nyumbani, kisha kwenda benki. Fahamu kwamba benki nyingi hazimfungulii akaunti ya kawaida mtu ambaye hajatimiza miezi 6 nchini, kwa hiyo kiulize kitengo cha wanafunzi wa kigeni chuoni kwako ni benki gani inayowapokea. Jina lako liandike namna moja kila mahali, herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye kadi ya ukaazi; wenzetu wenye majina matatu au manne husumbuka sana hapa.

Hatua ya 4: Basi na baiskeli

Katika mabasi ya manispaa unapanda kwa mlango wa nyuma, unashuka kwa mlango wa mbele, na unalipa unaposhuka. Nauli katikati ya mji ni yeni 230 popote uendapo. Ndani ya basi simu haipigwi wala kupokelewa.

Hata hivyo Kyoto ni mji wa baiskeli, kwa kuwa sehemu kubwa yake ni tambarare. Magari na baiskeli hupita kushoto kama kwetu, na hiyo ni nafuu kubwa. Baiskeli lazima isajiliwe na polisi na iwe na bima. Kupakizana hakuruhusiwi, wala kuendesha ukiwa umeshika mwavuli au simu, na usiku taa ni lazima. Ukiiegesha pasiporuhusiwa, hasa maeneo ya Shijo na Kawaramachi, manispaa huichukua na utailipia kuikomboa.

Hatua ya 5: Taka

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wageni wengi wanapoharibu jina lao bila kujua. Taka za kuchomwa huwekwa katika mifuko ya njano ya manispaa, ambayo tangu mwaka 2006 hununuliwa madukani kwa takriban yeni 1 kwa kila lita ya ujazo, ili mwenye taka nyingi alipe zaidi. Mifuko hiyo hukusanywa mara mbili kwa wiki. Makopo na chupa vina siku yao, plastiki ina siku yake, na ratiba hutofautiana mtaa kwa mtaa.

Chukua mfano wa chupa moja ya plastiki uliyonunua ikiwa na chai. Kifuniko unakifungua na lebo unaibandua, navyo vyote viwili vinaingia kwenye mfuko wa plastiki. Chupa yenyewe unaisuuza na kuiweka katika mfuko mwingine unaoonyesha ndani, pamoja na makopo na chupa za kioo. Mfuko hutolewa asubuhi ya siku yake kabla ya saa mbili, wala si usiku wa kuamkia siku hiyo, nao hufunikwa kwa wavu, maana kunguru wa pale huchana mifuko na kutawanya mabaki barabara nzima. Mfuko uliopangwa vibaya huachwa pale pale ukiwa umebandikwa karatasi ya maelezo, na katika jengo dogo majirani hawachelewi kujua ni wa nani. Jirani hatakugombeza, atamwambia mwenye nyumba, na mwenye nyumba atakiambia chuo. Kwa hiyo ratiba ya taka ibandike mlangoni siku ya kwanza.

Hatua ya 6: Chakula na bajeti

Kula mchana katika mkahawa wa chuo na upike mwenyewe jioni. Katika masupamaketi, kuanzia kama saa moja au saa mbili usiku, mfanyakazi hupita na kibandiko kwenye rafu za samaki, nyama na vyakula vilivyopikwa, akipunguza bei kwa asilimia 20, kisha 30, na mwisho nusu bei. Jifunze kuzitambua alama mbili za maandishi, 半額, yaani nusu bei. Zitakuokoa mwezi mzima.

Hatua ya 7: Kuwasiliana na nyumbani

Kyoto iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa 6, na kwa msomaji wa Kiswahili hesabu ni rahisi ajabu: saa ya ukutani Kyoto ikionyesha 9 usiku, nyumbani ni saa tisa alasiri, ikionyesha 7 jioni, nyumbani ni saa saba mchana. Namba unayoiona ndiyo saa ya mama kule nyumbani. Kuta za mabweni ni nyembamba, kwa hiyo baada ya saa nne usiku zungumzia nje au kwa sauti ya chini.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Ahsante mwalimu kwa somo. Mimi ni Mwislamu kutoka Tanga, je, nitakula nini na kuswali wapi?

Jibu: Dada yangu, msikiti upo, si mbali na bustani ya kasri la kale la mfalme, na huko ndiko utakakopata watu wa kukuelekeza maduka. Kuku wa kugandishwa kutoka Brazil mwenye alama ya halali hupatikana kwa bei nafuu. La kuwa makini nalo zaidi ni vitu visivyoonekana kuwa na nyama: supu za tambi, mikate, biskuti na vitafunwa mara nyingi huwa na mafuta ya nguruwe au jelatini, na michuzi mingi hutiwa mvinyo wa mchele. Alama ya nguruwe ni 豚. Itafute kwenye orodha ya viambato kila mara.

Swali: Ugali je?

Jibu: Unga mweupe kama wa kwetu ni adimu madukani, wa njano hupatikana kwenye maduka ya vyakula vya kigeni. Mboga hazisumbui: bamia na biringanya hujaa wakati wa kiangazi, na majani yaitwayo komatsuna hupikika vizuri sana kwa kitunguu na nyanya. Mchele wao hunata, kwa hiyo kwa pilau tafuta basmati.

Swali: Nikifanya kazi naweza kuweka akiba nikasaidia wadogo zangu?

Jibu: Ukomo ni saa 28 kwa wiki, na hadi saa 8 kwa siku wakati wa likizo ndefu za chuo. Kima cha chini kinazidi yeni 1,000 kwa saa. Kazi za baa na kumbi za starehe za usiku haziruhusiwi kabisa. Soma pia masharti ya ufadhili wako, kwani baadhi ya wafadhili hawaruhusu kazi yoyote. Kwa ushauri wangu, muhula wa kwanza usizidi saa 10 kwa wiki, ili upate nafasi ya kujifunza lugha.

Swali: Je, kuna watu wanaozungumza Kiswahili huko, au upweke utaniua?

Jibu: Wapo, kuliko unavyodhani. Chuo Kikuu cha Kyoto kina kituo cha taaluma za Afrika kilichoanzishwa mwaka 1986, na watafiti wa chuo hicho wamekuwa wakiwafuatilia sokwe wa Mahale, mkoani Kigoma, tangu mwaka 1965. Wengi waliowahi kuishi Tanzania kwa utafiti huzungumza Kiswahili kizuri. Chuo Kikuu cha Osaka nacho hufundisha Kiswahili, na wanafunzi wake hufurahi kupata mtu wa kuzungumza naye. Nenda ukajitambulishe, usisubiri kualikwa.

Swali: Wakati wa kurudi nyumbani kuna taratibu gani?

Jibu: Rudi ofisi ya kata kutoa taarifa ya kuhama na kufunga bima, funga akaunti ya benki na laini ya simu, na kadi ya ukaazi uirudishe kwa afisa wa uhamiaji uwanjani. Vitu vikubwa kama godoro na meza havichukuliwi na gari la kawaida la taka. Huwekewa miadi na kulipiwa, kwa hiyo anza wiki 3 kabla. Baiskeli ukimpa mwenzako, mpe pamoja na karatasi ya kuhamisha usajili iliyosainiwa, la sivyo siku polisi akimsimamisha ataonekana amepanda baiskeli ya wizi.