Kompyuta ya mezani haiwaki? Fuata umeme kuanzia ukutani

Unabonyeza swichi, kimya. Taa hakuna, feni haizunguki. Wengi husema papo hapo kwamba mazabodi, ile bodi kuu inayounganisha sehemu zote, imekufa, na mashine nzima inatupwa. Inaniuma sana, kwa sababu nyingi nilizoletewa zikiwa zimeshahukumiwa hivyo zimewaka tena. Siri ni kuufuata umeme kutoka ukutani hadi ndani bila kuruka hatua.

Hatua ya 1. Chomeka taa kwenye soketi ileile uone kama umeme upo. Badilisha waya, ule wa monita mara nyingi huingia. Nyuma ya pawasaplai, kile kisanduku ambamo waya wa umeme huingia, hakikisha swichi imelalia upande wa I, si O. Za zamani huwa na swichi nyingine ndogo iliyoandikwa 115 na 230. Hiyo lazima ilingane na umeme wa ukutani kwako: ikiwa kwenye 115 nawe ukachomeka volti 230, pawasaplai itaungua kwa mshindo.

Hatua ya 2. Chomoa waya ukutani, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 30, chomeka, jaribu tena. Pawasaplai iliyojifunga ili kujilinda huweza kuamka kwa hilo tu.

Hatua ya 3. Chomoa tena, fungua ubavu wa kasha, gusa chuma kitupu ili umeme tuli ukutoke mwilini. Ondoa vumbi kisha mulika tochi kuzunguka prosesa, ile chipu kuu iliyo chini ya feni kwenye mazabodi. Vile vimikebe vilivyosimama ndizo kapasita, nazo zinatakiwa kuwa bapa juu. Iliyovimba utosini, au yenye ute wa kahawia uliokauka, imekufa. Mazabodi nyingi za miaka ya mwanzo ya 2000 ziliugua ugonjwa huu, na fundi anayejua kulehemu huzibadilisha.

Hatua ya 4. Hapa ndipo penye jibu, usiharakishe. Kompyuta iliyozimwa haijazimika yote. Maadamu imechomekwa, pawasaplai hutoa volti 5 za kusubiri kwenye waya wa zambarau, na ndizo zinazoifanya mazabodi isikie kitufe kikibonyezwa. Chomeka umeme, weka multimita (kipima umeme) kwenye DC ya volti 20. Ingiza ncha nyekundu kwa nyuma ya ile plagi kubwa ya mazabodi, penye waya wa zambarau, na nyeusi kwenye waya mweusi wowote. Kati ya 4.75 na 5.25 ni sawa. Ukipata sifuri, chomoa umeme, toa plagi hiyo kwenye mazabodi, chomeka umeme upime tena. Volti zikirudi, kuna shoti kwenye mazabodi au kilichounganishwa nayo. Zisiporudi, tatizo ni pawasaplai.

Hatua ya 5. Volti 5 zipo lakini haiwaki? Tafuta pini mbili zilizoandikwa PWR SW kwenye mazabodi, toa kijiplagi chake, ziguse zote mbili kwa pamoja na ncha ya bisibisi kwa sekunde moja. Mashine moja iliyokwisha kuambiwa haitengenezeki iliwaka hivi mkononi mwangu: kitufe cha mbele kilikuwa kimevunjika kwa ndani. Nikachukua waya wa kitufe cha RESET nikauchomeka hapo, na ndicho kinachoiwasha hadi leo.

Hatua ya 6. Bado? Chomoa umeme na utoe plagi zote za pawasaplai, ila acha diski ngumu moja ya zamani usiyoihitaji, maana baadhi hazianzi bila mzigo. Kwenye plagi kubwa, unganisha waya wa kijani na mweusi kwa kibanio cha karatasi, kisha chomeka ukutani. Feni yake isipozunguka, tafuta pawasaplai nyingine. Usiifungue ikiwa hujasomea: kapasita zake hubaki na umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa.

Hatua ya 7. Ikizunguka, chomoa umeme, toa kibanio, rudisha plagi kubwa na ile ndogo ya pini 4 au 8 karibu na prosesa, ambayo watu huisahau mno. Kwenye mazabodi acha prosesa na feni yake tu, pamoja na RAM moja (kijiti cha kumbukumbu) uliyoisugua meno kwa kifutio, kisha chomeka umeme uiwashe. Ikiwaka hivyo, rudisha kadi na diski kimoja kimoja, ukichomoa umeme kila mara. Kile kitakachoizima ndicho kibovu.